Spana Namba Kumi ya Mirindi

Nina ulimi mkali na nalijua hilo. Wateja wangu wa mtaa wa Katoyi nao wanalijua, na bado wanakuja, kwa sababu katika umeme wa magari mkono wangu unaaminika kuliko mdomo wangu. Mtu akiniletea gari lililofungwa nyaya ovyo, siwezi kunyamaza. Nitamsema fundi aliyetangulia, nitamsema mwalimu aliyempitisha darasa, nitamsema hata aliyemuuzia koleo, kisha nitaketi na kutengeneza. Mimi ni Kamate, mtoto wa Butembo, na Goma nimekaa miaka ishirini na mbili nikiwa na kazi hiyo hiyo na hasira hiyo hiyo.

Jumamosi moja saa tatu asubuhi aliingia Nabintu, ambaye wengi humwita Mama Joviale kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa anaendesha gari la kijivu la kubebea mizigo, na pembeni yake ameketi shemeji yake Fortunat, karani wa ofisi, mtu wa shati lililopigwa pasi. Viatu vyake, hata hivyo, vilikuwa vimejaa vumbi jeusi la mawe yetu ya volkano. Nilipoviona nikajua kwamba gari limewashwa kwa kusukumwa, na kwamba aliyesukuma ni yeye.

Nabintu ni mjane wa Mirindi. Hao ni watu wa upande wa Bukavu waliohamia hapa zamani, na Mirindi alikuwa akibeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka ufuko wa Kituku kuwapeleka sokoni. Ugonjwa wa ini ulimchukua mwaka jana. Watu walidhani mkewe atauza gari aanze kuuza mkaa kibarazani, lakini yeye alijifunza kuendesha kwa muda wa mwezi mmoja kwenye barabara ya Lac Vert, Fortunat akiwa kando yake ameshikilia mlango kwa hofu. Baada ya hapo akachukua nafasi ya mumewe ufukweni.

Tatizo lake lilikuwa moja. Jioni gari linazimwa likiwa zima kabisa, asubuhi halina umeme hata wa kuwasha taa ndogo. Alikuwa amekwisha badilisha betri mara mbili. Hapo nikakumbuka, na sikufurahi kukumbuka, kwamba betri ya pili niliishauri mimi. Alikuja siku ambayo nilikuwa chini ya gari la mtu mwingine, akanieleza, na mimi bila hata kutoa kichwa nikamwambia betri imekufa, anunue nyingine. Sikuipima.

Safari hii Nabintu hakuwa na nafasi ya kukosea tena. Mama Jeanine, kiongozi wa wanawake wanaouza sambaza Kituku, alikuwa amemwambia Ijumaa mbele ya wenzake kwamba wamemngoja mara nne na samaki wakiwa juani, na kwamba akichelewa Jumatatu mabeseni yao yatapanda gari la mtu mwingine. Fortunat naye alikuwa amepata mnunuzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu kuamshwa kila alfajiri kwenda kusukuma. Walikubaliana nyumbani kwamba Jumatatu gari likiwaka lenyewe, linabaki. Lisipowaka, linauzwa siku hiyo hiyo, na Nabintu aliye na watoto wanne atafute riziki nyingine.

Fortunat alinionyesha kiti cha nyuma kwa kidole. Chini yake kulikuwa na ampli, lile sanduku la chuma la kukuza sauti ya muziki, na nyuma kabisa spika mbili kubwa. Akasema shida yote iko hapo, itolewe itupwe. Nabintu akakataa. Alinieleza kwamba Kituku hakuna anayepiga honi, honi ziko nyingi mno. Wanawake wanalijua gari la Mirindi kwa muziki wake. Likiwa bado juu kwenye mteremko wanausikia, wanaanza kujitwika mabeseni, na likifika chini kila mtu yuko tayari. Bila muziki yeye ni gari moja kati ya magari thelathini.

Halafu akaniambia kitu kingine kwa sauti ya chini, akitazama kando ili Fortunat asimsikie vizuri.

“Papa Kamate, batu ba kwetu banasema motokari inamulilia mwenyewe. Ilianza kufa juma ile ile tulimuzika. Batu ba maombi balikuya kuweka mikono juu ya capot. Haikusaidia kintu.”

Nilimjibu bila upole kwamba boneti haiponi kwa kuwekewa mikono na gari halilii mtu, umeme ndio unaovuja mahali fulani, na kazi yangu ni kupatafuta. Lakini maneno yake yalikuwa na maana kubwa kuliko alivyodhani. Kitu kinachoanza juma fulani kina sababu ya juma hilo. Nikamuuliza mumewe alikuwa akifanya nini jioni akiegesha.

Akasema hakuwa akifanya kitu. Alifungua boneti, akainama kidogo, akafunga, kisha akaingia ndani. Kila jioni, hata mvua ikinyesha. Alipoendelea nikaona kwamba jambo hilo lilikuwa linamuuma. Chakula kiko mezani, watoto wamekwisha sikia mlio wa gari wanamngoja, na yeye anasalimia mtambo kwanza. Walikwisha gombana kwa sababu hiyo. Mara moja alimwambia mumewe kwamba anayechelewa kuingia kwake hapataki kwake, na Mirindi, ambaye hakuwa msemaji, alicheka tu akanawa mikono.

Nikasema alikuwa anaangalia maji na mafuta, madereva wote hufanya hivyo, na nikalipita neno lile kama mtu anayepita karibu na simu yake huku anaitafuta.

Ili kupima uvujaji lazima uifungue kosi, yaani kibano kinachoshika ncha ya betri. Kosi hufunguliwa kwa spana namba kumi, na kama kuna fundi Goma ambaye spana yake namba kumi haijapotea, mimi simjui. Nilipekua sanduku langu lote nikilaani. Nabintu akafungua mkoba, akatoa funguo za gari. Kwenye pete ile ile ilining'inia spana namba kumi, imesuguliwa na vidole mpaka herufi zake zimefutika.

“Tulipokuwa tunakunja nguo zake njo niliipata,” akasema. “Ilikuwa mu pantalo ya Siku ya Mungu. Mutu anaenda nayo hata ku misa. Sikuyua ni ya nini. Niliibakisha sababu mukono yake ilikuwa inaishika.”

Nikaichukua, nikafungua kosi. Ilifunguka kwa nusu mzunguko, laini, bila kutu. Kosi za magari yetu hukaa miaka bila kuguswa, ukizifungua zinapiga kelele. Hii haikupiga kelele. Hilo nalo nililiona, na nalo nikalipita.

Kwanza niliipima betri yenyewe. Ilikuwa nzima kabisa, imechoka tu kwa kunyonywa, kwa hiyo ile ya zamani huenda nayo ilikuwa nzima pia. Niliwaambia ukweli huo, nikaona Fortunat ananitazama kwa jicho ambalo nilistahili. Kisha nikaweka kipimo kati ya ncha ya betri na kosi, ili umeme wowote unaotoka upite ndani yake niuone. Gari limezimwa, milango imefungwa, taa haziwaki. Lilipaswa kunywa tone tu, la kulisha saa. Kipimo kikaonyesha ampea moja na nusu. Ukiliacha hivyo toka jioni hadi asubuhi, betri ya ukubwa ule haiamki.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, nikitazama kipimo kila mara. Ya taa: hakuna mabadiliko. Ya honi: hakuna. Ya redio: hakuna. Nilizichomoa zote, nikazipanga juu ya kitambaa, na kipimo kikabaki pale pale kwenye moja na nusu kama mgeni aliyekataa kuondoka. Nikatukana kidogo. Ndipo nikaufuata kwa macho ule waya mnene mwekundu unaotoka moja kwa moja kwenye betri na kupita chini ya zulia hadi kwenye ampli. Una fyuzi yake peke yake, karibu na betri. Nikaichomoa, na kipimo kikaanguka mpaka karibu na sifuri.

Fortunat akapiga makofi mara moja. Amesema tangu mwanzo, ni ampli. Akatoa simu, akasogea pembeni kumpigia mnunuzi wake amwambie gari litauzwa bila muziki.

Lakini ampli yenyewe haina kosa ikiwa inalala. Kila ampli ina waya mwembamba wa kuiamsha. Redio ikiwashwa, inautumia waya huo umeme kidogo, na ampli inaamka. Redio ikizimwa, ampli inalala. Hii ilikuwa haijalala kamwe. Nikainua kiti, nikalala chali juu ya bati, nikaufuata ule waya mwembamba wa buluu. Haukwenda kwenye redio hata kidogo. Ulikuwa umefungwa moja kwa moja juu ya ule waya mnene, mahali ambapo umeme haukatiki mchana wala usiku, na juu yake umezungushwa utepe wa gundi uliozeeka.

Hapo ulimi wangu ukapata malisho. Nikasema, na watu wa karakana mbili za jirani walisikia, kwamba aliyefunga waya ule ni mharibifu, hajui umeme wala hana huruma, na kwamba watu wa namna hiyo wangepewa jembe badala ya koleo. Nikamuuliza Nabintu kwa ukali ni fundi gani mumewe alikuwa anampelekea gari.

“Hakukuwa mwingine,” akasema. “Alikuwa anakutaya weye tu.”

Nikacheka, nikasema amekosea, Mirindi nilimwona mara chache na gari lake sikuwahi kulifunga. Nikaubandua ule utepe.

Ndani kulikuwa na uzi wa nailoni wa kijani, ule wanaoshonea nyavu pale Kituku. Umezungushwa mara mbili, na fundo limekaa pembeni. Nyinyi hamfahamu, lakini hapa mjini hakuna anayefunga waya kwa uzi wa nyavu isipokuwa mimi. Utepe wa dukani ukiwa peke yake huyeyuka kwa joto la injini, uzi ule hauyeyuki. Nimejisifia uzi huo kwa miaka, nimewaambia vijana wengi kwamba hiyo ndiyo saini yangu. Nilibaki nimelala chini ya kiti, saini yangu iko mbele ya pua yangu.

Kisha yote yakanirudia. Ilikuwa mwaka ule wa volkano, ile siku tulipoambiwa tuuache mji, nasi tukaenda mji mdogo wa Sake tukiwa barabara nzima ya watu, magodoro na mbuzi. Nililala kwenye uwanja mmoja pamoja na familia kama ishirini. Simu zilikuwa zimekufa. Kulikuwa na redio moja ya mkononi, sauti yake haifiki hata watu watano, na kila mtu alitaka kujua kama mlima umetulia. Mtu mmoja mpole akasema ana ampli na spika kwenye gari, ila redio ya gari imeungua. Nikachukua redio ya mkononi nikaiunganisha na ampli yake. Redio ya gari ikiwa haipo, hapakuwa na kitu cha kuiamsha ampli, kwa hiyo nikaufunga ule waya mwembamba moja kwa moja juu ya mnene. Uwanja wote ukasikia. Siku tuliyoambiwa turudi nyumbani tuliisikia habari hiyo kwenye spika za mtu yule, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mtu yule alikuwa Mirindi. Nikamwambia hii ni ya provisoire, ya muda tu. Kila jioni afungue kosi ya betri, asubuhi airudishe, na tukifika Goma aje kwangu nimfungie vizuri.

Na alikuja. Hilo pia nililikumbuka. Alikuja, nilikuwa na kazi nyingi, nikamwambia kesho. Akaja tena, ameshika spana yake mkononi, nikamwambia kesho. Mara ya tatu alipita tu barabarani akanipungia mkono, na mimi nikadhani amepata fundi mwingine. Kumbe hakutafuta mwingine. Katika mji huu tunaijua provisoire. Kuna nyumba za mbao zilizojengwa za provisoire baada ya lava ya zamani, na watoto waliozaliwa ndani yake wana watoto wao. Mtu yule alitii neno langu la siku chache miaka yote iliyobaki ya maisha yake.

Nitasema kweli, nilifikiri kuukata ule uzi na kuutia mfukoni. Fortunat alikuwa na simu sikioni, Nabintu alikuwa amesimama upande wa pili, hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimemtukana fundi yule kwa sauti kubwa mbele ya karakana mbili, na mjane aliambiwa na watu kwamba gari linalia. Nikatoka chini ya kiti nikiwa nimeona haya ambayo sijawahi kuiona katika kazi hii.

“Mama Joviale,” nikasema, kwa sauti ile ile niliyotukania. “Ule muharibifu ni miye.”

Nikamweleza yote, tangu Sake hadi zile kesho zangu mbili. Fortunat alishusha simu. Nabintu alinisikiliza bila kunikatiza, akiigeuza geuza ile spana kiganjani, na nilipofika kwenye kosi ya betri mikono yake ikatulia.

“Kumbe ile kuinama,” akasema polepole. “Hakuwa anakawia kuingia kwetu?”

“Apana, mama. Alikuwa anafungula kosi. Kusudi kesho motokari iwake, mupate chakula.”

Akaketi kwenye kizingiti cha gari akalia, si sana, na alipokuwa analia alikuwa pia anacheka kidogo. Fortunat ndiye aliyesema baada ya hapo. Alisema sasa ameelewa kwa nini saa ya gari hilo ilikuwa inaanza kuhesabu upya kila asubuhi, na kwa nini kaka yake alikuwa akiiweka sawa kwa kengele ya misa. Walikuwa wakimcheka kwamba amenunua gari lenye saa mbovu. Akaitia simu mfukoni.

Ilikuwa imekaribia saa sita, na magari matatu yalikuwa yananingoja. Nabintu akafuta uso, akauliza kwa adabu kabisa:

“Sasa, papa, nirudie kesho?”

Sidhani alijua alichosema. Mimi nilikijua. Nikamwambia hapana, ni leo, na kwamba hakuna gari lingine litakaloguswa hapa mpaka lake limekwisha. Wale wengine watatu wakanung'unika, nikawanyamazisha kwa namna waliyoizoea.

Niliukata ule uzi wa kijani. Nikavuta waya mpya wa buluu chini ya zulia hadi kwenye redio ambayo Mirindi aliinunua baadaye, ili ampli ilale redio inapolala. Kisha nikaongeza kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiomba, kitufe kidogo chini ya usukani. Nikamwonyesha kwamba siku mlima ukisema tena, hata redio ya gari ikiwa imekufa, akikibonyeza ampli itaamka, na uwanja mzima utasikia. Akikibonyeza tena italala. Nikarudisha fyuzi zote, nikaweka kipimo. Tulisimama watatu tukikitazama. Kikasimama kwenye sifuri nukta sifuri tatu ya ampea, tone la kulisha saa, basi. Nikaikaza kosi kwa spana ya Mirindi, nikaichaji betri mpaka saa kumi.

Fortunat aliuliza itakuwaje isipowaka. Nikamjibu kwamba nitalisukuma mwenyewe mpaka Kituku, na yeye atakaa ndani na shati lake.

Jumatatu alfajiri nilikuwa kwao kabla ya mtu kuniita. Sikulala vizuri, nakiri. Gari lilikuwa limekaa tangu Jumamosi jioni bila kuguswa, kosi imefungwa. Fortunat alikuwa amekwisha simama nyuma yake, amevaa viatu vibovu, mikono iko tayari juu ya bati. Watoto wanne walikuwa mlangoni. Nabintu aliingia, akafanya ishara ya msalaba, akageuza ufunguo.

Likawaka kwa kugeuza mara moja tu, Fortunat akiwa hajaanza hata kusukuma. Joviale, binti mkubwa, aliruka akamshika mama yake kupitia dirishani, na mimi nikageuka kuangalia upande mwingine kwa sababu macho yangu yalikuwa yanafanya mambo yao. Nilipanda nao hadi Kituku. Tulipofika juu ya mteremko Nabintu akawasha redio, na kule chini, kandokando ya mitumbwi, nikawaona wanawake wanainuka na mabeseni vichwani. Mama Jeanine alikuwa mbele yao. Alipakia beseni lake akauliza bei ya mafuta.

Jioni ya siku ile nilipita kwao tena, eti kuangalia kitufe. Nabintu alikuwa ndiyo kwanza anaegesha. Alishuka, akazunguka mbele, akafungua boneti, akainama, akaweka kiganja juu ya kosi, akafunga. Nikaanza kugomba pale pale barabarani. Nilimwambia nimekwisha maliza kazi ile, haina haja ya kufunguliwa tena, aniamini hata mara moja.

“Najua,” akasema. “Sikufungula kintu. Ni salamu tu.”

Akaingia ndani, watoto wakamfuata, chakula kilikuwa mezani. Nikarudi Katoyi kwa miguu.